KE30 yenye injini ya 4A-GE: ekseli ipi ya nyuma itastahimili?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Corolla KE30 ya 1978 niliyoachiwa na marehemu babu. Mwaka jana niliitoa injini yake ya 3K nikafunga 4A-GE pamoja na giaboksi ya T50. Tangu hapo nimeua difu mbili (zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma), na ya pili haikumaliza miezi minne. Gari likifika kilomita 60 difu inavuma, nikitoa mguu inanyamaza. Fundi wangu hapa Barani amepata ekseli nzima ya Hilux, anasema ataichomelea kwa siku moja na sitasumbuka tena maishani. Nikubali?" Msomaji wa Barani, Malindi.

Marahaba, mwanangu, na pole kwa difu mbili. Ekseli ya Hilux usiikubali, na hiyo kazi ya siku moja usiikubali zaidi. Kubadilisha ekseli unahitaji, hilo sina ubishi nalo. Ila gari lako linataka ekseli ya kadiri iliyofungwa kwa vipimo, na vipimo ndivyo vitakavyokula muda kuliko kuchomelea.

Tuanze na kilichoziua hizo mbili, maana usipokijua kitaiua na ya tatu.

3K ni injini ya sisi (cc) 1,166. Difu iliyokuja nayo ni ndogo, kraunwili yake, lile gurudumu kubwa la meno lililo ndani, ina upana wa inchi 6 hivi, na kwa injini ile ilitosha na kubaki. Nimeziona KE30 zilizobeba nazi na maembe kutoka Marafa miaka nenda miaka rudi, difu haijawahi kufunguliwa. 4A-GE ni sisi 1,587 na nguvu yake ya kusokota ni kama Nm (nyutoni mita) 145. Gia ya kwanza ya T50 inazidisha mara 3.587, kwa hiyo pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha kraunwili, inapokea Nm 520. Ukiwa na difu ya 4.3, yaani pinioni inazunguka mara 4.3 kraunwili ikizunguka mara moja, zinazidishwa tena na kuvuka Nm 2,200, zikagawanwa na hafshafti mbili, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu. Na hapo umeondoka kwa adabu. Ukiachia klachi ghafla, mzunguko wa flaiwili nao unamiminika juu yake kwa mpigo. Meno ya difu ile hayakukatwa kwa ajili ya mzigo huo.

Lakini nguvu peke yake si muuaji wa pekee. Springi zako za nyuma ni zile za mabamba yaliyolaliana, na kwenye KE30 mabamba hayo yana kazi mbili: kubeba gari, na kuizuia ekseli isijipindue unapokanyaga. Ukikanyaga, pua ya difu inataka kupanda juu. Springi iliyochoka inajikunja kama herufi S, halafu inajifyatua. Gurudumu linaruka na kutua, linaruka na kutua, na kila linapotua meno yanapigwa nyundo. Ukisikia du-du-du-du huko nyuma unapoondoka kwenye murram, ndilo hilo. Springi za 1978 zilizokwisha kulegea, ukizichomelea ekseli yoyote ile, zitaipiga vilevile. Kwa hiyo hesabu ya kazi hii ianze na springi na bushi zake, ndipo uje kwenye ekseli.

Muuaji wa tatu ni wetu sisi wa Pwani, naye ni maji. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia, na wengi hawajui hata kama kipo. Ekseli ikitembea inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Sasa uingie kwenye dimbwi la masika ekseli ikiwa moto: chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na ekseli inavuta ndani chochote kilicho karibu. Kitundu kikiwa kimezibwa na udongo, inavuta maji kupitia kwenye sili. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 nilifungua difu moja baada ya nyingine hapa mjini, na oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nzito, na ukiisugua katikati ya vidole haina utelezi wowote. Oili ya namna hiyo hailindi meno. Kabla hujafanya jambo jingine, lala chini ya gari lako leo, fungua nati ya chini ya hiyo difu inayovuma, na uikinge oili kwenye chombo cheupe. Ikiwa ya maziwa, ni maji. Ikiwa nyeusi na inametameta kama ina unga wa fedha, ni meno yanayosagika. Ukikuta vipande vya kushikika, usiliendeshe tena.

Huo mvumo wako wenyewe unasema kitu. Difu inayovuma ukikanyaga na kunyamaza ukitoa mguu imeliwa upande wa meno unaosukuma. Ingevuma unapotoa mguu, ningeshuku pinioni iliyolegea kwenye beringi zake. Ingevuma muda wote na kubadilisha sauti unapokata kona, ningeanza na beringi za magurudumu. Yako ni ya kwanza, kwa hiyo inaelekea ni mzigo.

Sasa Hilux. Najua kwa nini fundi wako anaipenda. Ni ekseli ngumu, nyingi za zamani zina kraunwili ya inchi 8, na zinapatikana. Lakini Corolla yako tupu haifiki hata kilo 900. Uzito wa ekseli haubebwi na springi, uko upande wa magurudumu. Ukiifanya nzito, kila shimo linaipiga ekseli ikarudi juu kwa nguvu ambayo springi na shokabzoba za gari jepesi haziwezi kuizuia. Kwenye lami hutalihisi sana. Chukua njia ya Langobaya, ile yenye mawimbi, nyuma kutacheza kama mkia wa samaki aliyetolewa majini. Tena ekseli hiyo ni pana kuliko gari lako, nyingi zina nati sita, na itakubidi ubadilishe rimu za nyuma au utembee na rimu za aina mbili. Pancha ikikukuta usiku baada ya Gongoni, spea yako moja haitafaa kote.

Ekseli ninayokushauri uitafute ni ya Toyota hao hao, ile familia ya T yenye kraunwili ya inchi 6.7. Hii ndiyo iliyokuwa chini ya Corolla AE86, gari lililotengenezwa kuanzia 1983 likiwa na hiyo hiyo 4A-GE yako, kwa hiyo watengenezaji wenyewe wamekwisha kukufanyia hesabu. Ya AE86 yenyewe ni ghali na ni adimu, lakini familia hii ilitumika pia kwenye baadhi ya Carina, Celica na Corolla za injini za T za kuvutwa na magurudumu ya nyuma. Tafuta Mombasa kwanza, kisha Grogan na Kirinyaga Road kule Nairobi. Wala usidhani kubadilisha ekseli ni uhuni wa vijana. Ford Escort RS1600 ambayo Hannu Mikkola alishinda nayo Safari Rally mwaka 1972 ilikuwa ya mashindano, na Escort za kiwandani za mashindano zilifungwa ekseli nzito iitwayo Atlas badala ya ile nyembamba iliyokuwa kwenye Escort za kawaida. Na Mitsubishi Lancer 1600 GSR ya Joginder Singh, iliyoshinda 1974 na 1976, ilikuwa gari dogo la springi za mabamba nyuma, kama lako.

Ukiipata, usiilipie kabla ya kuikagua. Toa kichwa cha difu, tazama meno kwa tochi, zungusha polepole. Uchezaji kati ya kraunwili na pinioni kwenye difu hizi unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Mkono haupimi hicho, ila mkono unajua kilichozidi. Vuta hafshafti zote mbili utazame meno ya mwisho: yakiwa yamepinda kidogo kama kamba iliyosokotwa, hafshafti hiyo imekwisha kuanza kukatika, iache hapo hapo.

Ukitaka kujua ni difu ya ngapi na muuzaji hana uhakika, shika gurudumu moja lisizunguke, zungusha la pili mizunguko miwili kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya pinioni. Ikizunguka mara nne na karibu theluthi, ni 4.3. Pungufu kidogo ya nne, ni 3.9. Kwa tairi zako za 175/70 R13, kama ndizo, difu ya 4.3 kwenye gia ya tano itakupa injini mizunguko 3,400 hivi kwa kilomita 100; ya 3.9 itakupa 3,100. Mimi kwa mtu wa Malindi anayekwenda Mombasa na kurudi ningechagua 3.9. Kuondoka kutapungua ukali kidogo, na hiyo nayo ni rehema kwa meno.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ekseli ya zamani haijatoka, chukua timazi, ile ile ya waashi, ishushe kutoka kwenye ukingo wa mdigadi wa nyuma, kushoto na kulia, na upime uso wa dramu ya breki uko umbali gani kutoka kwenye uzi. Kisha pima upana wote kutoka uso wa dramu hadi uso wa dramu. Pima na kati ya viti vya springi, katikati hadi katikati. Andika kwenye karatasi, usiandike kwenye vumbi la boneti. Ekseli mpya ikiwa pana kwa milimita 40, kila upande umetokeza 20, na tairi inaweza kula mdigadi gari likilala kwenye kona na watu watatu nyuma. Ikiwa hivyo, kuna rimu zenye kina tofauti za kurudisha hizo 20. Duara la nati pia lipime. Kwenye Toyota ndogo nyingi za miaka hiyo ni milimita 114.3, na kwa nati nne unapima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya inayoikabili.

Ekseli ya AE86 ina masikio ya springi za koili, ya Carina inaweza kuwa nayo pia. Hayo yakatwe kwa grainda, polepole, bila kuila bomba. Moto wa gesi usikaribie hapo. Kisha vinafungwa viti vya springi, na hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, pembe ya pinioni.

Propela, lile bomba linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, ina kiungo kinachopinda kila ncha, kiitwacho krosi. Krosi moja ikifanya kazi kwa pembe haizungushi sawasawa. Kila mzunguko mmoja inakwenda kasi mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya pili, ikiwa na pembe ile ile kwa upande wa pili, inakifuta kile kilichofanywa na ya kwanza. Pembe zikitofautiana hakifutiki, na utasikia mtetemo kwenye kiti, krosi zitakufa, sili ya pinioni itavuja, kisha beringi. Watu wengi waliokwisha kulaumu difu, walikuwa na pembe mbaya.

Kwa hiyo gari lisimame kwenye sakafu iliyonyooka kwa pimamaji, juu ya magurudumu yake manne, na uzito wake wote, si juu ya jeki. Weka kipimo cha pembe, hata kile cha kwenye simu kwa dharura, nyuma ya giaboksi. Tuseme giaboksi imelala digrii 3 kuelekea nyuma. Pinioni ingetakiwa iwe sambamba nayo, yaani pua imeinuka digrii 3. Lakini tumekwisha sema springi za mabamba zinaiacha pua ipande unapokanyaga. Basi iweke chini kidogo ya hapo, kwa digrii 2, ili pua iwe imeinuka digrii 1 tu gari likiwa limesimama. Ukikanyaga, inapanda yenyewe na kufika inapotakiwa. Viti vya springi viache vikiwa havijachomelewa mpaka hapo: vinakaa vimebanwa na yubolti, unaizungusha ekseli ndani yake mpaka kipimo kikubali, ndipo unavidonoa kwa moto sehemu mbili mbili. Toa, rudisha, pima tena. Siku nzima inaweza kuishia hapo, na ndiyo maana niliikataa ile siku moja.

Kuchomelea kwenyewe nakuandikia kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kukosea. Mwaka 1999 nilifunga ekseli kwenye gari dogo la mteja wa Shella, na viti vyote viwili nikavichomelea asubuhi moja, upande mmoja mpaka mwisho, kisha wa pili. Weldi zilikuwa nzuri kutazama. Baada ya wiki tatu beringi ya gurudumu la kushoto ikafa. Nikaweka mpya, ikafa. Ya tatu ilipoanza kulia nikaitoa ekseli nzima, nikafunga vyuma viwili vya urefu sawa kwenye nyuso za magurudumu, kimoja kila upande, nikapima kati yake juu na chini. Chini palikuwa pafinyu kuliko juu. Weldi inapopoa hujivuta, na bomba lilikuwa limejikunja kuelekea upande uliochomelewa, ncha zote mbili zimeshuka. Nililipa gharama mimi, na mteja yule alinisamehe, Mungu amlipe. Tangu siku hiyo nachomelea sentimita mbili au tatu, nahamia upande wa pili, nasubiri mkono uweze kugusa, narudi. Hafshafti ziwe zimetolewa, kichwa cha difu kimetolewa, na waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na unapochomelea, umeme usije ukapita kwenye beringi. Ikipoa, vyuma vile viwili vinarudi, unapima juu na chini, mbele na nyuma. Usifunge kitu kabla hujapata vipimo vinavyolingana.

Propela itabidi ikatwe au irefushwe, na ncha ya nyuma ibadilishwe kwa sababu flenji ya familia ya T ni tofauti na yako. Acha milimita 20 hadi 25 za kuingia zaidi kwenye giaboksi gari likiwa limesimama, vinginevyo springi ikibanwa propela itasukuma giaboksi. Krosi mbili zikae zimeelekeana sawasawa. Kisha ipeleke Mombasa kwa wenye mashine ya kusawazisha. Kwa kilomita 100 propela hiyo itazunguka mara 3,600 hadi 4,000 kwa dakika, kutegemea difu, chini ya kiti chako, na hapo hapafai kukisia kwa macho.

Breki ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote, kwa kuwa mafundi wengi huzikumbuka mwisho. Ekseli mpya inakuja na breki zake, na silinda zake ndogo za magurudumu zinaweza kuwa kubwa kuliko za KE30. Silinda kubwa inabana zaidi. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya ya mbele, gari linageuka, mkia unatangulia, na hakuna dereva wa kuliokoa hapo kwenye lami yenye maji. Linganisha kipenyo cha silinda za zamani na mpya. Mpya zikiwa kubwa, tafuta ndogo zinazoingia, au ufunge vali ya kupunguza mgandamizo wa nyuma. Kisha mtu asimame kando atazame: kwenye uwanja wa murram usio na watu, kilomita 30, kanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu ya mbele lazima yatangulie kufunga. Rudia mara kumi. Na kamba ya handibreki isifungwe kwa waya wa kienyeji; itengenezwe ya urefu wake.

Mengine ni mepesi. Kitundu cha kupumulia kifungie mpira mrefu uupandishe mpaka ndani ya bodi, juu ya usawa wa maji. Oili iwe ya GL-5, 80W-90, ijae mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia gari likiwa limenyooka. Safari za kwanza nenda polepole dakika ishirini, uache ipoe, uende tena. Baada ya kilomita 500 badilisha oili uitazame. Kama utaambiwa uichomelee difu ili magurudumu yote mawili yavute pamoja mchangani, kataa. Kwenye lami kila kona itakuwa ni kugombana na hafshafti, na ndizo zitakazoshindwa.

Jambo la karatasi nalo: injini mpya lazima iwe kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima wajue umebadilisha nini. Ikitokea ajali, huo ndio ukurasa wa kwanza watakaoutafuta.

Fundi wako usimkimbie. Mtu aliyehangaika kukutafutia ekseli ni mtu wa kufanya naye kazi. Mpe karatasi ya vipimo na umwombe afuate. Kwa sasa niandikie namba tatu: upana wa ekseli yako uso kwa uso, umbali kati ya viti vya springi, na pembe ya giaboksi gari likiwa limesimama chini. Niambie pia rangi ya hiyo oili. Nikizipata nitakuambia ekseli ipi ya familia ya T itakaa bila kukata bomba.